Baiskeli Niliyoisukuma

Baba yangu alikuwa anachelewa kila mahali, na sababu ilikuwa adabu. Kutoka kijijini kwetu mpaka sokoni Newala, mtu mwenye baiskeli hamalizi saa moja. Yeye alitumia mbili. Akimwona mtu mzima mbele yake alianza kufunga breki mapema, anateleza na mguu mmoja juu ya pedeli, anashuka, anavua kofia, "Shikamoo," habari za nyumbani, habari za shamba, habari za yule mgonjwa, ndipo anapanda tena. Hatua hamsini mbele, mzee mwingine. Anashuka tena. Mimi niliyekuwa nimekaa nyuma kwenye keria ilinibidi nishuke naye, nichuchumae, niamkie. Jamani, tulikuwa tunafika sokoni samaki wazuri wameshakwisha.

Kwetu kule juu mlimani, hupiti mbele ya mtu aliyekuzidi umri ukiwa umeketi juu ya baiskeli. Unashuka, unaamkia kwa miguu yako, ukiitikiwa ndipo unaendelea. Na kengele usijaribu. Kengele ni ya mbuzi na ya watoto wanaocheza njiani. Ukimpigia mzee kengele umemwambia akupishe. Hakuna aliyetufundisha haya darasani, lakini kila mtoto aliyajua kabla hajajua kuhesabu.

Baiskeli yenyewe ilikuja na korosho. Nilipokuwa mdogo kabisa, baiskeli mpya ilikuwa kitu cha kuombea kibali, na kijijini kwetu waliokuwa nazo walikuwa wawili, mwalimu mkuu na katibu, zote matairi yameshonwa kwa uzi wa katani. Halafu ukafika msimu ule watu binafsi waliporuhusiwa kununua korosho. Wakaja na malori yao na mizani yao, na maduka ya Newala yaliyokuwa yakiuza chumvi na viberiti tu yakajaa bati, redio, vitenge na baiskeli za Kihindi zimepangwa mstari, fremu zake bado zimevingirishwa karatasi. Baba alirudi na moja. Hakuipanda. Aliisukuma njia nzima kutoka mjini, kwa sababu kila aliyekutana naye alitaka kuishika, na yeye alitaka ishikwe. Ile karatasi hakuibandua. Aliiacha mpaka ikachanika yenyewe, nadhani mwaka wa tatu.

Baba hakuwa mtu wa pale. Kwao ni chini, upande wa Lukuledi, na kwa desturi ya kwetu alipomwoa mama alipanda mlima akaja kukaa kwa watu wa mkewe. Shamba alipewa na wao. Mikorosho aliipanda mwenyewe, mmoja mmoja, lakini juu ya ardhi ya wakwe. Na sisi watoto tulikuwa watoto wa mjomba wetu, kaka mkubwa wa mama. Neno la mjomba lilikuwa neno. Baba alimwita mlamu, yaani shemeji, na alimwita hivyo kwa sauti ya chini daima, hata wakiwa wawili tu.

Aliyenifundisha kuendesha ni baba. Sababu ilikuwa maji. Juu kule hakuna kisima. Ama unashuka ukingoni kuelekea bonde la Ruvuma ukapande tena na ndoo kichwani, ama unangoja siku bomba la kijiji cha jirani litakapofunguliwa, unakimbilia. Mimi ndiye nilikuwa mkubwa nyumbani. Baba akaona mtoto mwenye baiskeli atafika bombani kabla ya foleni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mfupi, kiti kilikuwa usawa wa kidevu changu. Kwa hiyo nilijifunza kama watoto wote wafupi: mguu mmoja unaupenyeza katikati ya fremu, mwili mzima umening'inia upande mmoja, kichwa kinachungulia juu ya usukani. Baba alikimbia nyuma akishika keria, anahema, "Tazama mbele! Usitazame tairi, tairi haipotei!" Siku moja nikasikia kuhema kumebaki nyuma sana. Alikuwa ameniachia zamani. Nilipiga ukelele, nikaingia kwenye muhogo wa watu.

Nilipenda. Sijui nisemeje zaidi. Nilipenda kuliko wali. Asubuhi ile barabara ya mchanga mwekundu katikati ya mikorosho, harufu ya mabibo yaliyoanguka na kuanza kuchacha, madumu matupu yanagongana nyuma, na mimi nakwenda haraka kuliko nilivyowahi kwenda kwa miguu yangu. Kwa nusu saa nilikuwa sina mama, sina wadogo, sina ufagio. Nilikuwa naimba. Wanawake wa foleni walinisikia kabla hawajaniona.

Tatizo lilikuwa moja, na nalisema leo ingawa siku ile nilishindwa kulisema. Nilijua kwenda. Kupanda nilijua kwa msaada wa kichuguu: unaisogeza baiskeli kwenye kichuguu, unasimama juu yake, unajisukuma. Nyumbani palikuwa na kichuguu, bombani palikuwa na kichuguu. Katikati hapakuwa na kitu. Na kurudi, na madumu mawili ya lita kumi yamefungwa nyuma kwa mipira ya tyubu, nikisimama tu kila kitu kinakwenda chini. Kwa hiyo nikikutana na watu wazima nilikuwa naamkia nikipita. Akina mama walicheka. Wazee wengine walikunja uso kidogo, halafu wakaitikia. Nikadhani mambo yamekwisha.

Siku hiyo, kwenye kona ya shamba la mtama, niliwakuta mbele yangu wazee watatu wanatembea wamenipa mgongo. Wa katikati alikuwa mjomba. Mchanga pale ni laini, tairi halina sauti. Nikaona nitawashtua, na kumshtua mzee si vizuri, basi kwa heshima yangu yote, kwa akili yangu ya miaka kumi na miwili, nikapiga kengele. Wakaruka pembeni. Nikapita katikati yao nimening'inia, nusu ndani ya fremu, nikapaza sauti nzuri kabisa, "Shikamoo mjomba!"

Hakuitikia. Nilikwenda mpaka nyumbani nikiwa nimeugeuza uso nusu nyuma, nangoja. Sikusikia marahaba. Mtu wa kusini akinisoma hapa anajua ninachosema. Shikamoo isiyoitikiwa inakaa mwilini.

Alikuja jua linatua. Akapewa kiti, baba akakaa kwenye mkeka. Mjomba hakuwa mtu wa kelele, afadhali angekuwa.

"Ulituona?"

"Niliwaona, mjomba."

"Kwa nini hukushuka?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni. Lakini mtoto wa kike hajibu mashtaka mbele ya wazee, na mimi nilikuwa nimeshachezwa unyago mwaka ule ule; nilikuwa nimefundishwa kuchuchumaa, kuinamisha macho na kunyamaza. Nikanyamaza vizuri sana.

"Haya," mjomba akasema. "Wiki nzima kungwi alikuwa anafundisha ukuta." Halafu akamgeukia baba. "Mlamu, kwenu huko chini ndivyo mnavyoamkiana? Kwa kengele?"

Baba alikuwa mtu wa kushuka kila hatua hamsini. Niliiona shingo yake ikiinama. Akasema, "Hapana, mlamu. Kosa ni langu. Hapandi tena."

"Umesema wewe."

"Nimesema. Hapandi tena."

Baadaye nilimfuata nyuma ya jiko, alikokuwa anaifuta baiskeli ambayo haikuwa na vumbi. Nilikuwa nalia kwa kwikwi mpaka maneno yanakatika. Nikamwambia, "Baba, nikishuka sipandi tena. Hapakuwa na kichuguu." Ndilo lile jibu. Akafuta spoku mbili tatu, akasema, "Nimesikia." Basi. Kesho yake asubuhi akanikabidhi baiskeli na madumu, akasema kusukuma hakujakatazwa.

Kwa hiyo miaka miwili mizima niliisukuma. Kwenda naisukuma tupu, kurudi naisukuma imejaa. Unajua inavyouma kutembea pembeni ya kitu unachokijua? Pedeli inakugonga kwenye muundi wa mguu, kana kwamba inauliza. Ningependa kuwasimulia kwamba siku moja, mahali pasipo na mtu, niliiba, nikapanda kidogo. Wapi. Nilikuwa mtoto mwoga, na zaidi nilikuwa namwonea baba huruma. Alikuwa ametoa neno mbele ya shemeji yake. Sikutaka aonekane mtu asiye na neno.

Nikakua. Shule, chuo cha ualimu, halafu serikali ikanipeleka kufundisha shule ya msingi upande wa Lukuledi, huko huko chini alikotoka baba. Nilikaa chumba cha kupanga mbali na shule, asubuhi natembea mpaka vumbi linafika magotini. Baiskeli sikuifikiria hata kidogo. Ilikuwa imefungiwa huko Newala pamoja na utoto.

Sasa siku moja nilikwenda hospitali ya Ndanda kung'oa jino. Nimekaa nje, shavu limevimba, nikamwona mkunga, mama mnene, mwenye nguo nyeupe, anakuja na baiskeli kwenye barabara kubwa. Mbele yake wazee wawili. Yule mama hakubabaika. Akateleza, akashuka, akachuchumaa kidogo, akaamkia, akaitikiwa, na kabla hawajamaliza kusema karibu ameshapanda amekwenda. Baiskeli yake haikuwa na lile bomba la juu la fremu. Ilikuwa ya kike, fremu imepinda chini. Nilisahau jino. Kumbe inawezekana! Kumbe mtu anaweza kuwa mwanamke, na mwenye adabu, na akawa juu ya baiskeli, vyote pamoja!

Mwezi ule ule nilinunua moja kwa fundi wa kando ya barabara, kuukuu, ya kike, madigadi ya nyuma imefungwa kwa waya. Jumamosi nikaipeleka kwenye uwanja wa shule watoto wakiwa makwao. Kwenda nilikuwa sijasahau. Mwili ulikumbuka wenyewe, tena nikicheka peke yangu kama mwehu. Nilichofanyia mazoezi ni kushuka. Nilishuka mara mia. Niliamkia miti, niliamkia nguzo za goli, niliamkia mbuzi wa watu. Jumatatu niliingia barabarani, na mzee wa kwanza niliyekutana naye nilimshukia vizuri mpaka akaniuliza mimi ni binti wa nani.

Hiyo ilikuwa miaka yangu mizuri. Barabara kule chini ni tambarare, na asubuhi yale majabali ya Masasi unayaona kwa mbali yametoka ukunguni. Nilikuwa nakwenda mpaka mjini kufuata chaki, mitumba, sabuni, chochote cha kunipa sababu. Wanafunzi walinipa jina la utani ambalo sitalitaja.

Likizo ya kwanza nikataka baba aione. Nikaipakia juu ya basi, likapanda mlima linaguna, likaniteremsha kwenye njia panda ya kijijini kwetu. Zimebaki kama kilomita tatu. Nikaweka mguu juu ya pedeli. Nikautoa. Nikauweka tena. Mwalimu mzima, nina darasa la watoto tisini, nasema kaa wanakaa, nasema simama wanasimama, na pale njia panda nilishindwa kunyanyua kisigino. Hapandi tena. Neno lilikuwa bado lipo, pale pale alipoliacha. Nikaisukuma kilomita zote tatu.

Baba alikuwa barazani. Alinitazama nikija tangu mbali. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama baiskeli toka usukani mpaka keria, kwa furaha iliyomshinda kuificha. Halafu akauliza, "Imepata pancha?"

Ningesema nini? Nikasema, "Ndiyo, baba."

Akaagiza beseni. Wajua maji ya kwetu. Maji yale mama aliyapandisha kichwani kutoka bondeni. Akayamimina. Akaipindua baiskeli, akatoa tairi kwa vijiko viwili, akavuta tyubu, akaijaza upepo, akaanza kuizamisha kipande kwa kipande, anaizungusha polepole, jicho kwenye maji. Hakuna povu. Akazungusha mara ya pili. Mimi nimesimama, uso unawaka.

"Hakuna tundu," akasema.

"Labda limejiziba."

"Labda," akasema baba, fundi wa pancha wa miaka mingi, anayejua kama mimi kwamba tundu halijizibi. Akairudisha tyubu, akakaza nati, yale maji akamwagia mpapai.

Likizo iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Na iliyofuata. Nashuka basi, nasukuma, "Imepata pancha?", "Ndiyo, baba," beseni, maji, povu hakuna, mpapai. Mama alikuwa anaguna jikoni kwa ajili ya maji yake, lakini hakutuingilia. Ule mpapai ulizaa mpaka ukaegemea. Nilichotaka kwa baba ni neno moja tu, panda, na neno hilo sikuweza kumwomba, kwa sababu mjomba alikuwa hai, nyumba yake iko pale pale njiani, na kumwomba baba avunje neno ilikuwa sawa na kumwambia arudi kwao. Na yeye hakulisema. Niliondoka kila mara naisukuma, baba ananisindikiza, baiskeli katikati yetu, haina tundu hata moja.

Halafu nikaolewa, tukahamia Masasi mjini, watoto wakafuatana. Ile baiskeli ya kike niliiazimisha, ikarudi bila breki, nikaiegemeza ukutani, ikaota kutu. Pikipiki zilishaingia. Kila kona kijana na bodaboda yake, "Twende, madam?" Nikawa mtu wa kukaa nyuma ya mgongo wa mtu, mkoba mapajani. Siku wanunuzi wa vyuma chakavu walipopita mtaani niliwapa. Hata sikuisindikiza kwa macho. Nikikumbuka najichukia, lakini siku ile nilikuwa na nguo za kufua.

Mama alipofariki, tulimwambia baba ashuke mlima, aje kwangu au kwa ndugu zake Lukuledi. Akakataa. "Mikorosho yangu nimwachie nani?" Akabaki kwa wakwe bila mke, mgeni wa miaka arobaini. Halafu miguu ikaanza kumvimba, ikawa anatembea mpaka mlangoni tu. Likizo ya katikati ya mwaka nikapanda kwenda kumuuguza. Mikorosho ilikuwa inatoa maua. Asubuhi akikaa barazani alikuwa ananusa upepo, anasema, "Hiyo ya kwangu hiyo," na shamba liko kilomita mbili ng'ambo ya kijiji.

"Nakuitia bodaboda, baba, dakika tano tumefika."

"Nikakumbatie mgongo wa kijana nisiyemjua?" akasema. "Bado sijafikia hapo."

Mtu mbishi! Nikazunguka nyuma kutafuta fimbo ya kumsaidia kutembea, na ndani ya banda la jiko la zamani nikaikuta baiskeli yake. Kuku alikuwa anaatamia kwenye beseni lililowekwa juu ya keria. Spoku zilikuwa na utando, matairi yamekaa chini, kiti kimeliwa na panya. Lakini kwenye fremu, chini kabisa karibu na pedeli, palikuwa bado pamegandia kipande cha ile karatasi ya dukani. Niliketi chini pale pale kwenye majivu, nikalia. Nilikuwa nimeikosa miaka yote ile na sikujua kwamba ninaikosa.

Tuliitengeneza siku mbili. Mimi mikono, yeye mdomo. Nilipotoa tyubu akaomba beseni, akaomba maji, akaomba akalie kigoda karibu. Akazamisha. Povu likatoka hapa, likatoka pale, likatoka kila mahali, maji yanachemka. Baba akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa haya ndiyo matundu!" akasema. Akaendelea kuizungusha tyubu. Bila kunitazama akasema, "Zako zote zilikuwa nzima."

"Ndiyo, baba."

"Nilijua."

Akanionyesha tundu la kuanzia. Mwisho viraka vilikuwa vingi, tukanunua tyubu mpya.

Asubuhi ya siku ya tatu nikamweka kwenye keria, juu ya mto. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito. Hakuwa na uzito. Nikashika usukani, nikaanza kumsukuma kuelekea barabarani, mwanamke mtu mzima mwenye goti bovu, nimevaa suruali ya mwanangu chini ya khanga. Tukafika kwenye ukingo wa ua.

"Unasukuma nini?" baba akauliza nyuma yangu.

"Nakupeleka shamba."

"Panda."

Nikasimama. "Baba, ulisema."

"Nilisema. Sasa nasema panda. Kichuguu kiko pale."

Kweli, kilikuwepo, kifupi kuliko nilivyokikumbuka. Nikaisogeza baiskeli, nikasimama juu yake, nikapitisha mguu juu ya lile bomba, siku hizi nalifikia, nikajisukuma. Tukayumba. Baba akanishika kiuno kwa mikono miwili. "Tazama mbele!" akasema, na mimi nikaangua kicheko na machozi vyote pamoja, na tukaingia kwenye mchanga mwekundu tunakwenda.

Sasa nyumba ya mjomba iko njiani, nimeshasema. Alikuwa nje amekaa juani, mzee sana, mkongojo katikati ya magoti, macho yamefifia lakini masikio mazima. Nilipomwona tu vidole vyangu vikaenda kwenye breki. Mguu mmoja ulishaanza kutoka. Miaka yote ile, na mwili wangu ulikuwa bado unashuka kwa ajili yake.

Baba akanipiga kofi la mgongo. "Usishuke!"

Halafu akapaza sauti, yeye aliyekuwa akisema mlamu kwa kunong'ona, akapaza sauti mpaka kuku wa mjomba wakatawanyika:

"Shikamoo, mlamu! Hatushuki! Tukishuka hatupandi tena!"

Miguu yangu nusura iache kukanyaga. Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema mara moja tu, nyuma ya jiko, kwa kwikwi, na yeye akaniambia amesikia. Alikuwa ameyaweka. Alikuwa ameyaweka muda wote huo, na siku aliyoyatoa aliyapeleka mlango ule ule uliokuwa ukingoja jibu.

Tulikuwa tunapita. Mjomba aliinua kichwa, akaufuata mlio wa baiskeli kwa uso. Nikasikia mchanga, nikasikia keria inalia kwa uzito mdogo wa baba. Tukampita. Nikajisemea, haya, ni kama siku ile. Ndipo nyuma yetu ikaja sauti ya kizee, si kubwa.

"Marahaba. Piteni."

Shambani baba hakushuka. Nilimzungusha kati ya mikorosho yote, mmoja baada ya mwingine, maua yamejaa na nyuki wanavuma, na yeye akiwa nyuma ananionyesha kwa kidole tawi la kukata na mti uliokosa dawa ya salfa. Alinilaumu kwa mambo mengi siku hiyo, nami niliitikia yote. Korosho za msimu ule ziliokotwa yeye hayupo.

Baiskeli nimeiweka kule kule juu. Nikienda likizo nashuka basi kwenye njia panda, mtu ananiletea, napanda mpaka nyumbani, na hakuna anayeniuliza. Goti linauma, lakini linauma zaidi nisipopanda. Nikikutana na wazee nashuka, ingawa wengi wao sasa ni watu niliosoma nao. Kaburi la baba liko mwisho wa shamba, kando ya njia. Hapo nashuka kabla sijafika, mbali kidogo, kama alivyokuwa akifanya yeye. Naisimamisha baiskeli, nachuchumaa, nasema, "Shikamoo, baba." Nasubiri. Najua, lakini nasubiri. Kisha naisukuma mpaka kwenye kichuguu, napanda.